Majani Mekundu ya Mkungu: Picha za Majira Katikati ya Mji wa Malindi

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi katika duka la vitambaa mjini Malindi. Binamu yangu anaishi London, na kila ifikapo Oktoba na Novemba hututumia kwa WhatsApp picha za bustani za huko: majani mekundu na ya manjano, njia zilizofunikwa na majani, watu wenye makoti. Mimi pia napenda sana maumbile, lakini nikitoka na simu yangu mchana wakati wa mapumziko napata nyaya za umeme, tuktuk, mabango na anga jeupe. Je, mtu anaweza kupiga picha za majira, za kupendeza kama zile, katikati ya mji wenye pilikapilika kama wetu? Na je, ninunue kamera?"

Marahaba, mwanangu. Umetaja mambo mawili yanayokuudhi, nyaya na anga jeupe, ukayafunga pamoja kama mzigo mmoja. Tuufungue. Nyaya zinatokana na mahali uliposimama. Anga jeupe linatokana na saa uliyotoka. La nyaya nitalijia baadaye, maana lina mengi. Hili la anga ndilo linalokufanya umwone binamu yako hodari kuliko wewe, na kwa kweli kinachomsaidia ni jua la kwao tu.

Katikati ya Novemba jua la London, hata likifika kilele chake adhuhuri, huwa limepanda nyuzi 20 hivi kutoka upeo wa macho. Kwetu Malindi jua hufika kimo hicho kama saa moja na dakika ishirini asubuhi. Kwa hiyo binamu yako akitoka kula chakula cha mchana, anatoka katika mwanga ambao wewe huupata kabla hujafungua duka. Mwanga wa namna hiyo huja kwa ubavu. Umepita kwenye hewa nyingi, umepoteza ubuluu njiani, na unapoligusa jani una rangi ya asali. Ikifika saa kumi na dakika kumi alasiri jua lao limeshazama, lakini katika saa hizo chache lilizokuwapo halikupanda juu hata mara moja. Siku hiyohiyo, jua la adhuhuri la Malindi liko nyuzi 75 hivi. Mwanzoni mwa Oktoba, na tena karibu na tarehe 12 Machi, linasimama utosini kabisa, kivuli cha mlingoti kikajificha chini ya mlingoti wenyewe. Ukipiga picha saa saba ya mchana wakati huo, jani linang'aa kama bati, chini ya mti kuna weusi mtupu, na simu yako, ikijaribu kuuokoa ule weusi, inalimwagia anga mwanga mpaka linakuwa jeupe. Simu haina kosa.

Jua letu hupanda kama mkwezi wa mnazi: wima, karibu nyuzi 15 kila saa, bila kusimama kupumzika. Ndiyo maana mwanga mzuri wa pwani ni mfupi. Asubuhi unao mpaka kama saa moja na nusu. Jioni unaanza kurudi baada ya saa kumi na moja. Na saa hizo husogea, ingawa sisi watu wa karibu na ikweta tumezoea kusema kwamba siku zetu zote ni sawa. Novemba jua huchomoza Malindi kabla kidogo ya saa kumi na mbili na kuzama kama saa kumi na mbili na dakika kumi. Februari huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na kuzama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kwa mtu anayefunga duka jioni, hiyo nusu saa ya Februari ni zawadi. Na Februari ndiyo yenye majani unayoyataka.

Hapo inabidi tuliseme neno vuli. Vitabu vya shule huyaita majira yale ya Ulaya vuli kwa sababu tarehe zinakaribiana: kwao huanza siku ya mlingano wa mchana na usiku, tarehe 22 au 23 Septemba, na kuendelea hadi Disemba, kwetu mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Disemba. Jina likashika. Lakini mzee yeyote wa Malindi ukimtajia vuli ataangalia mawingu, hataangalia majani. Vuli yetu huleta kijani. Mbuyu uliokuwa mtupu huvaa majani, nyasi huota hata kwenye nyufa za kuta za matumbawe. Ukitoka Novemba kutafuta majani mekundu hapa kwa sababu London yapo, utarudi nyumbani na uchovu tu.

Majani ya kwao huongozwa na baridi na siku zinazofupika. Mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayolipikia jani chakula, na kabla ya kulitupa jani huirudisha naitrojeni yake ndani ya matawi na shina, kama mtu anayehama na kung'oa hata misumari. Rangi ya manjano unayoiona ilikuwamo siku zote, imefunikwa na kijani. Nyekundu ndiyo ya ajabu: hutengenezwa upya, jani likiwa linaaga. Kwetu kuna mti unaofanya hayo yote bila baridi yoyote, kwa kiu tu, nao ni mkungu.

Mkungu unaujua. Ndio ule uliocheza chini yake ukiwa mdogo, ukaponda kungu kwa jiwe upate ile kokwa nyembamba ya ndani, nguo ikaingia doa mpaka ukagombezwa. Matawi yake hutoka kwa ngazi, tabaka juu ya tabaka, yamelala kama rafu za duka lako. Wakati wa kiangazi, kati ya Januari na Machi, kaskazi ikivuma na ardhi ikikauka, majani yake huanza kugeuka moja moja. Mingine hurudia tena baadaye katika mwaka. Kila mti una tabia yake, na miwili iliyo upande huu na ule wa barabara moja inaweza kupishana kwa majuma. Watu wa Lamu waliupa heshima yake: ule uwanja wa mbele ya Ngome, mahali penye watu wengi kuliko pote katika mji wa kale, wanauita Mkunguni. Ngome yenyewe ilikamilika mwaka 1821, na mpaka leo mtu akikuambia "tukutane Mkunguni" anakuelekeza kwa jina la mti.

Okota jani moja la mkungu lililoanguka usiku, kabla halijakanyagwa. Ni refu kuliko kiganja, pana kwenye ncha na jembamba kwenye kikonyo. Upande wa juu una wekundu wa hina iliyolaliwa usiku kucha. Mshipa wa kati umebaki wa manjano, na mishipa midogo inatoka humo kama vijito. Pale alipotoboa mdudu pana tundu jeusi, na mara nyingine kulizunguka tundu hilo utaona pete ya kijani, kijani cha mwisho kilichokataa kuondoka. Ukilitazama hivyo, jua likiwa mgongoni mwako, ni jani zuri la rangi nzito. Sasa liinue, liwe kati yako na jua. Linawaka kama kandili. Mishipa inajitokeza yote, na ule uzito wa rangi unageuka kuwa moto.

Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza ninayotaka uijue mkononi kabla ya kuijua kwenye simu: mwanga unaogonga juu ya jani, na mwanga unaopita ndani yake. Picha nyingi za binamu yako zinazokupendeza ni za mwanga uliopita ndani. Kwake hilo ni rahisi kwa sababu jua liko chini mchana kutwa, anaelekeza simu kwenye mti na jua liko nyuma yake tayari. Wewe una muda wa saa moja na nusu asubuhi, na muda wa saa moja jioni. Inatosha.

Ukifika chini ya mti saa hizo, ingia chini ya matawi na utazame nje, kuelekea upande wa jua. Gusa jani kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka simu ifunge fokasi, yaani ukali wa picha, na mwanga. Halafu teremsha mwanga kwa ile alama ya jua, uteremshe zaidi ya unavyodhani inafaa, mpaka jani lirudishe rangi yake na vitu vya nyuma vianze kuingia kiza. Watu wengi huogopa kiza. Ruhusu. Jani linalowaka linataka kiza pembeni yake, kama taa inavyotaka usiku. Kama simu yako ina sehemu ya kuchagua rangi ya mwanga mwenyewe, ichague ile ya jua la mchana au ya mawingu, kwa sababu simu ikiachwa ijiamulie huona rangi ya asali ya asubuhi ikadhani ni kosa, ikaisafisha. Ndipo unapopata picha ya saa kumi na mbili na nusu inayofanana na ya saa sita.

Sasa nyaya, tuktuk na mabango. Hapa nataka nikueleze jambo lililonipata, kwa sababu sijawahi kufundishwa na kitabu kama nilivyofundishwa na hilo.

Nilikuwa na mkungu mmoja hapa mjini ambao niliupiga picha kiangazi baada ya kiangazi, miaka minne. Chini yake palikuwa na baraza, na jioni muuza kahawa aliweka hapo dele lake na vikombe, wazee wakakaa. Mimi nilikuwa nikijipinda, nikipanda juu ya ndoo, nikilala chini, alimradi fremu yangu isiingize hata ukingo wa baraza. Nilitaka maumbile, na nilidhani maumbile ni yale yasiyo na mtu. Mwaka wa tano mwenye kiwanja aliukata ule mti ajenge maduka. Nilipofungua hazina yangu nikakuta picha zaidi ya mia mbili za majani, majani mazuri, mekundu, yanayowaka. Yangeweza kuwa ya mkungu wowote, wa Zanzibar au wa Bombay. Hakuna hata moja inayoonyesha kwamba mti ule ulikuwa Malindi, kwamba majani yake yalikuwa yakianguka kwenye sinia la kashata na muuza kahawa akiyaondoa kwa vidole viwili bila kukatiza maneno yake. Hilo nililiona kwa macho mara nyingi. Picha yake sina.

Tangu siku hiyo siufuti mji. Naupanga. Na ukitaka kujua, hata binamu yako anaupanga: bustani ya Hyde Park ina kiasi cha hekta 140, na ubavuni mwake inapita barabara ya Park Lane yenye mabasi na teksi usiku na mchana. Asiyekuonyesha mabasi ameamua tu kusimama kwa namna fulani. Nawe una uamuzi wako.

Tuanze na mandharinyuma. Kabla hujautazama mti, tazama kilicho nyuma yake, uuzunguke mti mzima polepole. Kila mti wa mjini una pande mbovu na upande mmoja mzuri. Unatafuta kitu kimoja kikubwa kilichotulia: ukuta wa chokaa, mlango wa mbao, mabati yaliyopata kutu, kivuli cha jengo. Ukuta wa chokaa uliozeeka, wenye michirizi ya maji ya mvua, ni rafiki mkubwa wa jani jekundu. Bango la rangi kali ni adui, hasa la njano au jekundu, maana linashindana na jani na litashinda. Ukishapata ukuta wako, rudi nyuma hatua kumi na uvute picha kwa lenzi ya mbali ya simu, ile ya mara mbili au mara tatu kama unayo, badala ya kusogea karibu na lenzi pana. Lenzi ya mbali huchukua sehemu ndogo ya dunia. Nyaya na mabango yanabaki nje yenyewe, na ukuta unasogea karibu na tawi kana kwamba vimeegemeana.

Tuktuk ziache zipite. Jioni mwanga ukipungua, weka simu juu ya ukuta au uiegemeze kwenye jiwe, fungua sehemu ya simu inayokuruhusu kupanga mwanga mwenyewe, na uweke shata, ule mlango unaoingiza mwanga, ibaki wazi kwa sehemu ya nane ya sekunde, au ya nne. Tawi likiwa limetulia, tuktuk inakuwa mstari wa rangi na taa unaopita chini ya majani. Hiyo ni picha ambayo binamu yako hawezi kukutumia. Lakini chunga upepo: kaskazi ikivuma tawi nalo litatikisika, na picha nzima itakuwa uji. Subiri upepo ushushe pumzi, maana kati ya mkupuo na mkupuo huwa kuna kituo cha sekunde mbili tatu. Ukitaka kinyume chake, jani lililokamatwa hewani likianguka, unahitaji shata ya sehemu ya 500 ya sekunde au kasi zaidi, na mwanga wa kutosha. Na unahitaji kusubiri kuliko unavyopenda.

Kuhusu nyaya, nakuomba ufanye jambo moja mwezi wa Oktoba au Novemba. Simama barabarani saa kumi na moja na nusu jioni, uinue macho. Utaona wamepangana juu ya waya, wadogo, mkia umegawanyika kama mkasi: mbayuwayu. Kati yao wamo waliozaliwa Ulaya. Baridi ileile inayoanza kuyageuza majani ya binamu yako hupunguza wadudu hewani, na mbayuwayu huishi kwa wadudu wanaoruka. Kwa hiyo huondoka. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, huvuka bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara, na wengine hufika mpaka kwetu na kukaa hadi karibu na Aprili. Majira anayoyapiga picha binamu yako kwenye mti, wewe unaweza kuyapiga kwenye waya wa umeme juu ya duka lako. Elekeza simu kwenye anga la magharibi wakati jua limezama na anga limebaki na rangi ya papai bivu, gusa sehemu ya anga ili ndege na waya viwe vyeusi, na uache nafasi kubwa upande wanaoelekea. Nyaya zile unazozilaumu zitakuwa mistari ya daftari na wao ndio maandishi.

Nimependa pia kukukumbusha kwamba mji wetu unatazama mashariki. Asubuhi jua linaingia kwenye vichochoro vinavyotoka baharini, na mti ulio katikati ya kichochoro unapigwa kwa nyuma, vizuri kabisa kwa yale majani ya kuwaka. Jioni mambo hugeuka. Mti ulio ufukweni unapigwa na jua la bara, mbele, kwa rangi ya dhahabu, na nyuma yake bahari imeanza kuwa ya kijivu. Ukienda na saa, mti mmoja unakupa picha mbili zisizofanana hata kidogo.

Na bahari yenyewe ina majira. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi, kisha Galana, hubeba udongo mwekundu wa bara na kuutoa baharini kaskazini mwa mji. Mvua zikinyesha mto unafurika udongo. Kaskazi ikianza kuvuma, mkondo unausukuma ule udongo kuja ghuba ya Malindi. Wageni hulalamika kwamba maji yamechafuka. Mpiga picha haruhusiwi kulalamika. Panda kwenye gati asubuhi mapema uone mpaka unapokutana maji ya rangi ya chai ya maziwa na maji ya kijani, na madau yakipita juu ya mstari huo. Ukipata siku ya mapumziko, nenda mlangoni mwa Sabaki maji yakiwa yanajaa: vitwitwi waliotoka Siberia na sululu husukumwa na maji mpaka kwenye fungu dogo la mchanga. Kaa chini, usiwaendee. Ndege aliyesafiri vile akikimbizwa na mtu mwenye simu anapoteza nguvu anazozihitaji kurudi kwao.

Miti mingine nitaitaja kwa haraka. Mwarobaini hupukutisha majani yake ya manjano mepesi wakati wa kiangazi, na yakifagiliwa vizuri uani yanafanya zulia. Uombe kabla mwenye nyumba hajachoma taka. Mkrismasi hauna majani ya kusifika bali maua, na mwisho wa mwaka barabara chini yake huwa nyekundu kama imetandikwa. Mbuyu piga picha ukiwa mtupu, dhidi ya anga, usijaribu kuupamba.

Baada ya mvua toka hata kama una dakika kumi tu. Jani lililolowa lina rangi mara mbili ya jani kavu, vumbi limeondoka, na dimbwi la barabarani linakupa mti wa pili kichwa chini. Iteremshe simu mpaka karibu iguse maji, uigeuze lenzi iwe chini. Bodaboda zikipita, rudi nyuma upesi.

Adabu ni sehemu ya kazi hii. Mti mwingi wa mjini uko uani mwa mtu, au mbele ya msikiti, au juu ya meza ya mama anayeuza mahamri. Piga hodi, amkia, sema unachotaka: "Naomba kupiga picha huu mkungu wako, majani yake yamependeza." Sijawahi kukataliwa kwa maneno hayo, na mara mbili nimepewa chai. Watu usiwaweke kwenye picha bila idhini yao, hasa akina mama, na usiwaambie kwamba ni mti tu unaoupiga ikiwa sivyo. Muuza kahawa wako mwonyeshe picha, kisha umpelekee nakala. Kituo cha polisi na majengo ya jeshi yaache kabisa, hata kama mti wake ni mzuri.

Umeuliza kama ununue kamera. Usinunue sasa. Simu yako inatosha kwa kila nililokueleza isipokuwa wale ndege wa Sabaki, ambao wanataka lenzi ndefu, na lenzi ndefu ni ghali kuliko kamera yenyewe. Ukishapita kiangazi kizima ukiwa unaijua ile saa yako ya asubuhi, na bado kuna picha unayoiona wazi kichwani lakini simu inashindwa kuileta, hapo niandikie tena, uniambie ni picha gani, nikushauri kifaa chake. Kwa leo chana kipande cha leso ya zamani, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini, ukae nacho mfukoni. Upepo wa bahari unaipaka lenzi chumvi kila siku bila wewe kuona, na ukungu mwingi ninaouona kwenye picha za watu wa pwani ni chumvi hiyo.

Kisha utafute mkungu mmoja ulio kwenye njia yako ya kutoka nyumbani kwenda dukani. Mmoja tu. Toka nyumbani nusu saa mapema, siku mbili kwa juma, upige picha kutoka mahali palepale, fremu ileile, na baraza, ukuta, waya na yeyote aliyekubali kukaa chini yake viwemo. Anza ukiwa bado wa kijani. Jani la kwanza jekundu mara nyingi huwa la chini, ndani, karibu na shina, na usipokuwa umeuzoea mti hutaliona. Ukiliona, usimtumie binamu yako upesi. Ngoja yafike kumi.